Ndege ya Akiba

Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia ninapanga ndege. Wanacheka. Wanadhani ninazipanga kama viti vya harusi, hii hapa, ile pale, kisha naenda kunywa chai. Haya, njooni mjaribu.

Kampuni yetu ina ndege tatu ndogo za injini moja, na makao yake ni kwenye kiwanja nje kidogo ya mji wa Embu. Kila jioni mimi ndiye ninayeandika kwenye ubao mweupe ndege ipi itaenda wapi kesho, rubani yupi ataishika, na ipi itaingia bandani kwa mafundi. Kitu kinachonipa taabu ni saa. Ndege haizeeki kwa miaka tu, inazeeka kwa saa ilizokaa hewani, na zikifika kiwango fulani lazima ikaguliwe. Kuna ukaguzi mdogo, wa kubadilisha oili na kuangalia hapa na pale. Halafu kuna ule mkubwa: viti vinatolewa, sakafu inafunguliwa, ndege inabaki uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Saa zikiisha, zimeisha. Hata mkubwa gani asimame hapo nje na mkoba wake, hairuki. Kwa hivyo mimi hutumia saa za ndege vile mama anavyotumia unga mwisho wa mwezi, leo kidogo kwa hii, kesho kidogo kwa ile, ili zisije zikaisha zote kwa mpigo.

Mwenye kazi hii ana nguvu ambazo hazionekani. Marubani wana mistari ya dhahabu mabegani, sawa, lakini nikitaka mmoja wao ale Krismasi yake kwenye vumbi la Mandera, atakula huko huko. Na alikuwepo mmoja niliyetaka ale huko.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa fundi wa ndege hizo hizo. Yeye ndiye aliyenitoa kwetu Kinoru, nikiwa nauza vocha za simu karibu na stediamu, akanitafutia hiyo nafasi ofisini. Alikuwa mtu wa taratibu hadi anakera. Hawezi kushika spana kabla ya kunawa mikono, utadhani anaenda kula. Akimaliza kazi anazunguka ndege tena, anaigusa kila mahali kwa kiganja, halafu ndipo anaweka sahihi. Marubani walikuwa wakimtania kwamba anaiombea.

Siku moja kepteni wetu mkuu alikwenda kuchukua magunia ya muguka, yale majani ya kutafuna, kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Ishiara. Kepteni huyo ni mtu wa Embu, kijana wa watu wa majani chai, mrefu, mwenye kupiga mbinja na kunukia marashi. Alipotua, ndege ilimshinda, ikatoka nje ya kiwanja na kuingia vichakani. Hakuna aliyeumia, mbuzi tu walitawanyika. Bomba la breki la mguu wa kushoto, ule unaobeba gurudumu, lilikuwa limekatika. Kepteni akaandika kwamba yeye alitua vizuri kabisa, ila fundi hakukaza bomba, likachomoka, breki zikakosekana.

Ndugu yangu alipelekwa kuitengeneza. Akarudi amevimba kwa hasira. "Ile ndege ilipigwa chini," alimwambia bosi mbele yangu. "Ilidondoka kwa mguu mmoja. Bomba lilikatika kwa sababu ya kishindo, halikulegea. Na kama ilipigwa chini vile, lazima sakafu ifunguliwe tuone mahali mguu umeshika mwili."

Kepteni alikuwa amekaa pale, mguu juu ya mguu. "Mkuu, mimi niliitua kama naweka yai mezani. Huyu anajitetea."

Bosi aliangalia yale mabega, akaangalia ovaroli ya ndugu yangu, akachagua mabega. Ndugu yangu alifukuzwa, leseni yake ikasimamishwa, na hakuna kampuni nyingine ingemgusa. Akahamia kwao mke wake, Ishiara, akalima ndengu na kufunga muguka kwa vifurushi. Bomba lilibadilishwa, ndege ikarudi kazini, sakafu haikufunguliwa. Mahali penyewe alipohamia ndipo ndege ilipoingia vichakani, kwa hivyo soko zima lilikuwa na habari zake. Akipita wanaambizana, huyo ndiye aliyeacha ndege mbovu iruke. Kanisani walimwondoa kwenye kamati ya ujenzi. Walisema anahitaji kupumzika! Mtu aliyekuwa akigusa kila msumari kwa kiganja chake.

Rafiki zangu wa mtaa wa Dallas, hapa Embu ninapokaa, waliniuliza kwa nini nisiache kazi. Niache niende wapi? Adui yangu yuko hapa.

Basi nikaanza na vitu vidogo. Safari za jua kali, zake. Pasaka, yake. Safari za kulala mahali hakuna hata soda baridi, zake zote. Alikuwa akija ofisini analalamika, nami namjibu kwa sauti ya kanisani, "Pole sana, kepteni, ni mambo ya saa tu." Haki ya Mungu nilikuwa naenda nyumbani nikiwa na furaha, napika chapati. Lakini ndugu yangu alikuwa bado Ishiara, na bado hana jina. Chapati hazingemrudishia.

Ndipo nikaanza kuona jambo. Ile ndege iliyotoka nje ya kiwanja, kepteni hakuipenda. Nikimpangia, anabadilishana na mwenzake. Nikimpangia tena, tumbo linamuuma. Kisha akamwendea bosi na hadithi tamu: ndege ile isitumike ovyo, ikae ya akiba, itoke tu nyingine zikiwa na shida, ili saa zake zisiishe upesi na ule ukaguzi mkubwa usogee mbele. Bosi akafurahi, akamsifu kwa kufikiria kampuni. Nikaambiwa, "Hiyo iache ya akiba." Nikaiacha. Lakini adhuhuri moja nilipokuwa natoka msalani nilimwona kepteni amelala chali chini yake, shati jeupe kwenye lami, anamulika mguu wa kushoto kwa simu. Aliponiona aliinuka akajipangusa, akaanza kupiga mbinja.

Nilimpigia ndugu yangu simu hapo hapo. Akasema, "Anajua. Waambie wafungue sakafu, mahali mguu wa kushoto unapoingia kwenye mwili. Kuna ufa."

Nilikwenda kwa bosi. Nilimwambia kila kitu, nikiwa nimesimama, mikono nyuma. Alicheka! "Sasa wewe pia umekuwa fundi? Damu ni nzito, naelewa. Rudi kwenye ubao wako." Damu ilinichemka hadi masikio yakawaka.

Ningeweza kupiga simu kwa wakubwa wa anga huko Nairobi. Nilifikiria sana jambo hilo, msidhani sikufikiria. Wangekuja, wangefungua, wangeukuta ufa. Halafu? Ufa hauna mdomo. Kepteni angesema ni uzee, au angesema ni yule fundi tena, kazi yake mbovu hiyo. Ndege ingetengenezwa na ndugu yangu angebaki na muguka wake. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumrudishia jina lake, na huyo hangefungua kinywa kwa hiari. Ilibidi nimfungue mimi.

Nikaitoa ile ndege kwenye akiba. Sikumweka abiria hata mmoja, hilo liandikwe. Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara wa Maua aliyekuwa anapeleka miraa kaskazini, naye hakujali ndege ipi mradi mzigo ufike kabla haujanyauka. Nikaandika ubaoni: ndege ya akiba, mizigo, kepteni. Kesho yake vivyo hivyo. Alipokwenda kwa bosi, nilikuwa nimeshafika kabla yake na sababu zangu safi: hizi mbili zina abiria, hii imebakiza saa nyingi, mizigo haihitaji viti. Bosi hakuona kosa, na kosa halikuwepo. Kukataa, kepteni angeweza kukataa, lakini angeulizwa kwa nini.

Basi akairusha. Mungu anisamehe au asinisamehe, nilikuwa nasimama dirishani kumtazama akirudi. Mbinja zilikwisha. Alikuwa anatua polepole, ameegemeza uzito wote upande wa kulia, gurudumu la kushoto linakuja mwisho kabisa, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Akishuka, shati limelowa. Aliwahi kunikodolea macho kupitia kioo, nami nikampungia mkono. Alikonda. Watu walidhani ni mapenzi, kwa sababu wakati huo alikuwa anajiandaa kuoa.

Na kwa hayo ya kuoa ndipo nilipompata.

Msichana alikuwa wa upande wa Maua. Siku ya ruracio, yaani siku ya kupeleka mahari, kepteni alitaka mama yake na shangazi zake wafike kwa ndege. Barabara ipo, tena ya lami hadi mlangoni, lakini mtu na sifa zake. Bosi akamkubalia kama zawadi, Jumamosi asubuhi, na akasema yeye mwenyewe atakuja kuwaaga. "Mpangie ndege," akaniambia.

Nikasema, "Nitampangia."

Wiki zilizobaki kabla ya siku hiyo nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ndege ya kwanza niliwapa watalii wa mbugani Meru, safari waliyokuwa wameilipia zamani, kwa hivyo Jumamosi alfajiri ingekuwa imeondoka. Ya pili nikaanza kuila saa zake. Kila safari ndefu, yake. Kila mgeni wa kuzungushwa angani, anazungushwa nayo. Kufika Ijumaa jioni saa zake zilikuwa zimekwisha kabisa, ikaburutwa bandani kwa ukaguzi mdogo, kifuniko cha injini kikatolewa. Mafundi walinipongeza kwa kupanga vizuri, maana mwisho wa juma wana nafasi. Ikabaki moja.

Jumamosi wakaja. Mama yake kepteni ni mwanamke mdogo wa mwili, mkulima, mikono imekauka kwa kuchuma majani chai. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu ambavyo ungejua vinambana. Shangazi walikuwa wanne na vyondo vyao, wanaimba tayari. Hakuna aliyewahi kupanda ndege. Mama alinisalimu kwa mikono miwili, akanibariki, akaniita mwanangu. Nikamwonyesha ndege yao, ile pale. Wakaenda kupiga picha.

Kepteni aliingia ofisini na suti ya kijivu na tai. Bosi alikuwa kwenye kiti changu anakunywa chai. Kepteni akaangalia ubao, akauangalia tena.

"Nipe ile nyingine," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Iko kwa mafundi, kepteni. Saa zimekwisha."

"Basi ile ya watalii."

"Imeshaondoka."

"Si ungenipangia mapema!"

"Nimekupangia mapema. Hiyo hapo. Kwani ina nini?"

Bosi akainua kichwa. "Ndiyo, ina nini? Umeirusha mwezi mzima."

Kepteni alimgeuzia kisogo. Alikuwa anatazama dirishani, nami nikatazama anakotazama. Mama yake alikuwa amesimama chini ya bawa, ameuegemea ule mguu wa kushoto kwa kiganja, anatabasamu kwenye kamera ya shangazi mmoja. Shangazi wengine walikuwa wameshapanda ngazi, wanagombania viti vya dirishani.

"Muda unakwenda, kepteni," nikasema. "Wakwe wanangoja."

Jasho lilimtiririka kutoka kwenye nywele. Akailegeza tai. Mimi uso niliuweka kavu. Kisha akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Hairuki," akasema.

"Kwa nini hairuki?" bosi akauliza.

"Niliipiga chini. Kule Ishiara. Nilikuja kwa kasi, nikaidondosha kwa mguu mmoja. Lile bomba halikuwa limelegea. Fundi hakukosea kitu."

"Sema tena," nikamwambia.

"Nyamaza wewe," bosi akasema.

"Sinyamazi. Aseme tena, na ataje ni fundi gani."

Akasema tena. Akamtaja ndugu yangu kwa jina lake lote, la ubatizo na la babu. Jamani, nisiwadanganye, sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile. Bosi alinigeukia mimi. "Na wewe ulijua?"

"Nilikuambia. Ulicheka."

Mama na shangazi walishushwa. Walikodiwa gari, wakafika Maua mchana umeshapinduka, na watu wa bibi arusi, vile desturi ilivyo, wakawatoza faini ya mbuzi kwa kuchelewa kabla hata ya kuwafungulia lango. Niliposikia hayo ya mbuzi nilicheka hadi nikashika ukuta. Kepteni aliandika maelezo yake kwa mkono wake, akaondoka na mistari yake kwenye mfuko wa plastiki. Jioni hiyo mama yake alinipigia simu. Alipata namba yangu sijui wapi. Alikuwa analia, ananishukuru, anasema mwanawe amemweleza kwamba ndege ilikuwa na hatari na kwamba ofisini ndiko ilikogunduliwa, na Mungu amenitumia mimi kuwaokoa. Akaniombea papo hapo kwenye simu, maombi marefu. Sikujua pa kuweka macho. Nikasema amina.

Sakafu ilipofunguliwa, ufa ulikuwa mahali pale pale ndugu yangu alipotaja. Nikapanda gari la kwanza kwenda Ishiara.

Nilimkuta kwenye kibanda chake, vidole vimekuwa kijani kwa majani ya muguka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimwigiza kepteni, nikamwigiza bosi, nikaonyesha vile jasho lilivyokuwa likishuka. Mke wake alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Nikamwambia, umerudi, ndugu yangu, bosi mwenyewe atakuja kukuomba msamaha, leseni inarudi, jina lako linarudi.

Yeye hakucheka. Aliuliza ufa ulikuwa na urefu gani. Nikamwonyesha kwa kidole, kutoka ukucha hadi katikati ya kiganja.

"Na ilikuwa inaruka hivyo?"

"Mizigo tu. Mizigo na yeye."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nashuku."

"Mimi ndiye niliyekuambia kwenye simu. Ulikuwa unajua." Akapangusa vidole kwenye gunia, kimoja kimoja. "Na hiyo Jumamosi wale mama walikuwa wameshapanda. Kama angenyamaza?"

"Hangenyamaza. Ni mama yake."

"Nimekuuliza kama angenyamaza."

Nilisema ningeisimamisha. Akaniuliza ningesema nini, na ningesema saa ngapi, kabla injini haijawashwa au baada. Nilitafuta jibu. Wallahi nililitafuta, na sikulipata, kwa sababu sikuwa nimelipanga. Nilipanga kila kitu, saa za kila ndege hadi Ijumaa jioni, na hilo sikulipanga.

"Soko hili lote linaniita mtu aliyeacha ndege mbovu iruke," akasema. "Sikuwa mimi. Sasa yuko mtu wa nyumba yetu aliyefanya hivyo, na amekuja kunichekea mlangoni."

Nilikasirika. Nilimwambia hana shukrani, nikamwambia ningemwacha aozee hapo na ndengu zake, nikarudi Embu bila kunywa chai ya mke wake.

Alirudi kazini. Bosi alimwendea, kama nilivyosema, na kanisani wamempa tena kamati, sasa ni mwenyekiti. Ananisalimu vizuri, ananiletea ndengu, watoto wake wananiita shangazi. Lakini kila jioni, nikishamaliza kuandika mpango wa kesho, anakuja na mikono aliyoinawa, anasimama mbele ya ubao wangu na kuuliza ndege moja baada ya nyingine, mbele ya marubani: "Hii kwa nini iko hapa? Na hii kwa nini umempa huyu?" Namjibu. Anasikiliza hadi mwisho, anaitikia kwa kichwa, anauliza inayofuata. Hajawahi kuniuliza kama ninajuta. Sijuti, na nadhani anajua, maana kesho yake jioni anakuja tena.